Muhanga Asiye na Cheti

Alikuwapo Muhanga mmoja aliyechimba karibu mashimo yote ya mbugani, na nusu ya wanyama walilala humo bila kumjua fundi. Siku moja likatoka tangazo: mchimbaji asiye na cheti hana kazi. Muhanga alikuwa na watoto wa kulisha, basi akaenda kwenye usaili.

Mwenyekiti alikuwa Ngiri, msomi wa uchimbaji ambaye kwato zake hazijawahi kushika udongo. Ofisi yake ilikuwa shimo alilolichimba Muhanga mwenyewe.

"Taja hatua tano za kuchimba shimo," akasema Ngiri.

"Mheshimiwa, mimi nachimba tu mpaka shimo lipatikane."

"Sifuri! Katibu, andika."

Katibu Nungunungu alipokuwa akiandika, mlango wa shimo ukaporomoka, giza likawafunika. Ngiri akausahau uenyekiti.

"Muhanga, ndugu yangu wee, tutakufa! Fanya kitu!"

Muhanga akatoboa ukuta, akamvuta Ngiri nje. Ngiri akajikung'uta vumbi, akalitazama lile tundu jipya, akakunja uso.

"Nani kakuruhusu kuchimba bila cheti? Lifukie!"

"Lakini Mheshimiwa, Katibu bado yumo ndani, anakusanya mafaili."

Ngiri akafikiri kidogo, kisha akampa mkono.

"Hongera. Kufukia hakuhitaji cheti. Kazi umepata, na unaanza sasa hivi."

Kutoka shimoni, Nungunungu akapaza sauti:

"Mheshimiwa, hiyo ajira niiandike ya muda au ya kudumu?"