Kanga ya Begani

Kila alipokwenda kulenga shabaha, Bi Saumu alikunja kanga akaipachika begani, maana bunduki yake fupi ya risasi za bastola ilimpiga teke kama punda. Leo aliapa: ikimuumiza tena, anaiuza. Fundi Mbwana akafungua kitako, akabadilisha springi, akatia kipande cha chuma kizito zaidi cha kumeza mshtuko.

"Jaribu bila kanga, Bi Saumu."

"Bega likivunjika, utanipikia wewe?"

"Hata pilau."

Akafyatua mara tano. Bunduki ilimgusa tu. Matundu yote matano yalisongamana katikati ya shabaha kama mbegu za papai.

Bi Saumu akaiweka bunduki mezani. Akaikunjua ile kanga, akajifunga kibwebwe. Fundi akaokota maganda mawili ya risasi, akaanza kuyagonganisha kwa mdundo wa ngoma, taratibu kwanza, kisha mbio.