Taa Isiyoshikwa Mkono

"Hii nayo hapana," Katongo alisema, akairudisha taa mezani. "Inashikwa mkono."

"Tochi zote zinashikwa mkono, mama." Muuzaji, Lubinda, alikuwa na kibanda kilichojaa taa za betri za kila sura pale soko la Chisokone. Kwa mgao ule wa umeme, Kitwe nzima ilikuwa mteja wake. "Kwani kwenye hiyo stoo unayosema unatafuta nini?"

"Mtoto."

Lubinda akacheka. Katongo hakucheka. Aliangalia barabara, akaangalia jua, akajipangusa shingo kwa ncha ya chitenge.

"Mtoto wa mume wangu. Amejificha stoo, humo hamna dirisha wala waya wa umeme. Nikiacha mlango wazi, anachomoka. Kwa hiyo naingia, nafunga mlango, tunabaki wawili. Na nahitaji mikono yangu yote miwili."

Kicheko kikamkauka Lubinda. "Mama, usije ukaumiza mtoto wa watu."

"Nionyeshe nyingine."

Akampa ya kuvaa kichwani, kama za wachimba madini. Katongo akaijaribu, akaivua hapo hapo. "Hii inamchoma yeye macho, mimi naachwa gizani. Nataka yeye anione mimi. Anione vizuri."

"Basi hii hapa. Inajiwasha yenyewe. Ukitikisika inawaka, ukitulia inazima."

"Sitatulia," Katongo alisema, kisha akasita. "Lakini akinikazia macho tu, nami nikawa namngoja? Hapana. Nipe isiyozima."

Mwishowe Lubinda akatoa taa bapa, pana kama sahani, yenye gundi mgongoni ya kubandika ukutani. Katongo akaiwasha, akajifunika chitenge gubigubi pamoja nayo. Kitambaa kikaanza kutikisika, huku na huku. Wapita njia wakasimama.

"Haya, huyo kapandisha mashetani," mama mmoja muuza dagaa alisema.

Katongo akajifunua, nywele timutimu. "Naichukua hii. Niwekee betri mpya. Ikizimika katikati, nimekwisha."

Alienda nyumbani mbio mbio. Basi la Mansa lingeondoka mchana huo, na Besa alikuwa amekwishakata tiketi mbili. Besa alikuwa mdogo wake marehemu mama wa mtoto. Alifika jana yake kumchukua mtoto huyo, Nsofwa, akaishi kwao Mansa, na Kabaso, baba mtu, alikubali kwa shingo upande kabla ya kwenda zamu mgodini. Njia nzima vidole vya Katongo havikutulia. Vilijikunja, vikajikunjua, kama vya mtu anayebishana na nafsi yake.

Besa alikuwa ameketi ukumbini juu ya begi la mtoto.

"Bado yumo," alisema. "Nimemvuta mguu, kanipiga teke la kifua. Yumo humo kwenye nguo za dada yangu, kazikumbatia."

"Nipe nafasi kidogo."

"Dada, mimi sikuchukii. Lakini mwaka mzima umekaa na mtoto huyu, hamjazungumza hata siku moja. Mpaka baba yake arudi ndiyo mpitishiane maneno kwake. Leo ndiyo utamweza?"

Katongo aliinamia taa. Alikuwa akifungua kifuniko cha betri kuhakikisha. Betri moja ikamponyoka, ikabingirika chini ya kochi. Akapiga magoti kuitafuta.

"Na majirani wameniambia," Besa akaendelea, "unavyotoroka kwenda mtaa wa Buchi kwa mzee mmoja, unajifungia naye ndani. Kama ni mganga, mwambie dawa yake imechacha."

"Si mganga."

"Basi ni nani?"

"Nitakuambia nikitoka."

"Ukimpiga huyo mtoto, Katongo..."

"Nikimpiga, mchukue."

"Nitamchukua hata usipompiga."

Katongo akashika taa, akaingia stoo. Mlango ukafungwa nyuma yake, na komeo la ndani likalia.

Besa akasimama. Kwenye nyufa za mbao mwanga mweupe ukawaka. Alisikia purukushani, vitundikio vya nguo vikianguka, kitu kikigonga ukuta. Halafu kimya. Kimya kile kilimtia hofu kuliko purukushani. Akasogea, akabandika jicho kwenye ufa, lakini ufa ulikuwa mwembamba, hakuona ila kivuli. Kivuli cha mkono ulioinuliwa. Kikashuka kwa kasi. Kikainuka tena.

"Katongo! Fungua!"

Vivuli viliongezeka, vikashika kasi, vikapishana. Kisha sauti ya Nsofwa ikapasuka ghafla, kali, ya kooni, sauti ambayo Besa hakuwahi kuisikia tangu dada yake azikwe.

Aliupiga mlango kwa bega. Komeo likang'oka, naye akaangukia ndani katikati ya magauni ya marehemu.

Nsofwa alikuwa akicheka mpaka machozi. Mtoto huyo, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa ameishika mikono ya Katongo mbele ya taa, akimkunja vidole upya kimoja kimoja, maana mama yake wa kambo, pamoja na masomo yote ya yule mzee wa Buchi, alikuwa amekosea kulitamka kwa ishara neno "baki".