Mkono Uliokaliwa

Etyang alikula ugali huku amekalia mkono wake wa kushoto. Wa kulia ukishapeleka tonge mdomoni, nao aliurudisha chini ya paja. Mbele yake bintiye Brendah, wa miaka mitano, alitafuna polepole akitazama pale mikono ilipopotelea.

Brendah alizaliwa hasikii. Sista mmoja wa misheni ndiye aliyempeleka ng'ambo, akapasuliwa nyuma ya sikio, akatiwa kitu cha kusikia. Alirudi na kisanduku kifuani na waya uliopanda hadi kichwani. Watu wa Malaba walikuja kumwona. Wakapiga makofi, wakagonga sufuria. Aligeuka.

Lakini kugeuka si kuongea.

"Daktari wa huko amekataza mikono kabisa," Sista alisema. "Akiongeleshwa kwa mikono, masikio yatakaa bure. Nyumba yote iache."

Jioni hiyo Amuron, dada yake Etyang aliyemlea mtoto tangu mamake afariki, alimvuta ndugu yake nyuma ya jiko, mahali mtoto hangewaona, akampa maneno hayo.

"Mpaka lini?" Etyang akauliza.

"Mpaka aseme. Ikifika Januari hajasema hata neno moja, shule ya hapa haimchukui. Anapelekwa bweni la mbali, uwe unamwona Krismasi kwa Krismasi."

"Na mimi nitakaa naye namna gani?"

"Kaa tu. Wewe ndiye ulimzoesha mikono."

Etyang alitazama ukuta. Begani alikuwa na kovu la rungu la askari wa mpakani, la siku aliyoamriwa asimame na hakusimama. Waendesha baiskeli wengi wa Malaba wanalo la namna hiyo. Hakutaka mtoto wake apate lake. Akaahidi.

Basi akawa anatoka asubuhi, anavusha watu kwa baiskeli mpaka upande wa Uganda, anarudi na wengine. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mwaka wa uchaguzi, na kila mtu alikuwa na la kusema. Abiria walimpenda.

"Huyu boda hana siasa," alisema mama mmoja muuza vitenge. "Hawa wengine watakuuliza mpaka bwana yako amelala wapi."

Nyumbani alifika, akakaa, akakalia mikono. Mwanzoni Brendah alikuwa akija kumvuta vidole avitoe. Yeye alivikaza. Baadaye mtoto akaacha kuvuta. Akahamia upande wa shangazi yake, akawa anatazama mdomo wa shangazi kutwa nzima. Etyang alikunywa chai yake, akalala, akaamka, akaenda kazini. Hakukuwa na ugomvi wowote.

Siku moja ya Novemba, mvua ikiwa imekatika, alipindua baiskeli uani akachutama kuziba pancha. Alizamisha tyubu ndani ya karai la maji, akatafuta mapovu.

"Baba."

Neno lilitoka zima, nyuma yake kabisa.

Amuron aliacha mwiko ndani ya sufuria. "Sema tena, mama," akamwambia mtoto.

"Baba," Brendah akasema, kwa nguvu zaidi. Jirani aliyekuwa akipita na ndoo kichwani akasimama.

Etyang alisogeza tyubu kidogo, akaendelea kutazama maji.

"Umesema vizuri," Amuron akasema. "Shule umepata. Sasa nenda umguse bega."

Mtoto akamgusa. Etyang akageuka, akaona mdomo wa bintiye ukifunguka na kufungwa, kama alivyoona midomo ya watu tangu azaliwe. Akaificha mikono yake nyuma, kama alivyoahidi.