Sauti ya Tatu

Padre Kryštof aliingia kanisani katikati ya wimbo, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo la jikoni. Waimbaji wanne wakanyamaza. Bi Blažena, fundi wa kurekodi, akavua hedifoni.

"Padre! Hata wafu waliozikwa humu ndani wameshajua kunyamaza tunaporekodi."

"Nisamehe, mama, hiki hakingoji." Akafungua taulo; ndani mlikuwa na kitabu cha kale cha nota. "Mafundi wameng'oa kabati la sakristia. Kilikuwa nyuma ya mbao. Jina hilo hapo, jisomee: Matyáš Zelinec. Sauti ya tatu."

Mzee Otakar, aliyeketi benchi la mbele na nota mapajani, hakuinuka.

Zamani za mtunzi Zelinec, kila sauti ya wimbo ilikuwa na kitabu chake. Vyake vilipaswa kuwa vinne. Kama Otakar alivyoeleza kwenye dibaji ya nota zake, vitatu vilionekana katika parokia moja ya mlimani, vikanakiliwa kwa mkono, kisha parokia ikaungua. Sauti ya tatu, iliyopotea, aliitunga mwenyewe kwa kukisia kutokana na zile nyingine. Hilo hakumficha mtu. Kwa kazi hiyo ya miaka kumi na mmoja, mtunzi aliyesahauliwa na dunia alikuwa sasa anapata albamu yake ya kwanza.

Kitabu hiki kingepingana na kisio lake, albamu ingetupwa, na heshima yake pamoja nayo.

"Haya, mzee," alisema Radim, mwimbaji wa sauti ya tatu, akitabasamu. "Leo ndiyo tutajua kama umekuwa ukitulisha uongo."

"Funga mdomo uimbe," Blažena akamwambia. "Wewe soma cha Padre. Wengine endeleeni na nota zenu."

Wakaimba. Otakar alifumba macho, midomo ikimcheza. Alikuwa akiomba, na hakuna aliyejua anaomba nini.

Sauti hazikugongana. Ukurasa wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Katikati ya wa tatu Radim akaacha kuimba, rangi imemtoka.

"Ni ileile. Neno kwa neno, nota kwa nota. Mzee, unakumbuka pale tulipobishana? Uliposhusha nota kwa nusu toni, nikakwambia mtu wa kale asingethubutu? Na yeye kashusha!"

Blažena alikuwa akilia bila kujificha. Padre akamshika Otakar bega. "Marehemu alikunong'oneza, mzee wangu. Hakuna jingine."

"Labda kuna mtu amekiweka," Otakar alisema kwa sauti ndogo. "Mwaka jana. Juzi."

"Nyuma ya kabati lililopigiliwa ukutani tangu mwaka 1702? Acha unyenyekevu, bwana. Nakwenda kuleta chupa ya slivovice tunywe."

Wote wakamfuata Padre, wakicheka na kusukumana kama watoto. Otakar akabaki peke yake na kitabu. Karatasi ilikuwa ya manjano, pembe zimeliwa na panya. Akaigusa kwa kidole kimoja, akakiondoa haraka.

Hapakuwahi kuwa na vitabu vitatu, mlimani wala popote. Sauti zote nne alizitunga mwenyewe jikoni kwake, kuanzia majira ya baridi aliyofiwa na mkewe, na jina la Zelinec alilibuni akikata kabichi.