Msamaha wa Jioni

Kila jioni seremala mstaafu alimwomba mkewe msamaha, na kila jioni alihakikisha kwanza kwamba mkewe hasikii.

Vyombo vya chakula vikishaondolewa, mke alivua vifaa vyake vya kusikia, akaviweka juu ya kitambaa mezani, kisha akaketi upande wa pili, taa ikiwa katikati yao. Mume alinawa mikono na kuikausha barabara, maana maji na vifaa vile haviivi chungu kimoja. Alifungua vijumba vya betri. Alipangusa kila kifaa kwa kitambaa kikavu. Kisha akashika brashi ndogo na kutoa nta ya sikio iliyoganda kwenye tundu la sauti, taratibu, kama anayemtoa mtoto kibanzi kidoleni.

Hapo ndipo alipoanza kusema, macho yake yakiwa kwenye brashi.

"Simu ilipigwa, mama watoto. Jirani wa mama yako alisema hali ni mbaya, anakuita. Sikukwambia. Madawati ya shule yalikuwa hayajapakwa vanishi, na mkono wa vanishi ulikuwa wako. Nikasema yaishe kwanza. Nisamehe."

Madawati yaliisha, tena yaking'aa. Mke alipofika kwao alikuta udongo wa kaburi bado mbichi, na watu wakimtazama kwa jicho la pembeni. Alirudi akiamini habari ilichelewa njiani. Mume hakumrekebisha. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata, jambo likazidi kuwa zito kulibeba na gumu zaidi kulitua.

Mke alipoanza kuvaa vifaa, hakuna aliyemtuma mzee kuvisafisha. Alijitwisha mwenyewe. Watoto wao walidhani ni mapenzi, na kweli mapenzi yalikuwamo, ila yeye aliijua sehemu iliyobaki. Kusema alianza mwaka huu tu, baada ya kuugua kifua na kuogopa kufa nalo moyoni. Jioni ile ya kwanza brashi ilimponyoka. Mke alikwenda kulala mapema akilalamika kichwa, na mzee akabaki peke yake mezani, akivitia vifaa kwenye kikopo chao kisichopitisha unyevu.

Tangu hapo ikawa desturi. Akimaliza, mke humgusa bega na kusema, "Ahsante, baba watoto." Naye hujiona mwizi anayeshukuriwa na aliyemwibia. Kuungama kwa mtu asiyesikia kulimpa nafuu ya kujikuna juu ya nguo.

Mengine yote nyumbani yalikwenda vizuri. Mke alikuwa na vituko vyake vya uzee tu. Hakutaka kusemeshwa akiwa amepewa mgongo. Alisema ni utovu wa adabu. Simu ikiwaka alimsukumia mumewe. Alizisema vibaya sharubu za mzee, eti zinamfanya afanane na mlinzi wa benki, mpaka akazinyoa kwa kupenda amani. Wajukuu walisema bibi amekuwa mkali kama mwalimu wa zamu.

Asubuhi moja, wakinywa chai, mke alimkazia macho akasema angependa kwenda kulitembelea kaburi la mama yake, na angependa waende pamoja.

Mzee alisema sawa, wataenda. Lakini alijua hawezi kusimama pale akiwa na siri ile tumboni. Aliamua kumwambia kabla ya safari, mchana kweupe, vifaa vikiwa masikioni. Alipovikagua aliona mrija wa kile cha kushoto umekakamaa na kuanza kupasuka. Akavifunga kwenye leso, akamwacha mkewe akikunja nguo, akaenda kliniki ya masikio.

Fundi wa pale, mwanamke kijana aliyewahudumia tangu mwanzo, alimpa shikamoo na kiti. Alibadilisha mrija, akavijaribu vifaa kimoja kimoja, akasema wateja wake wote wangevitunza vifaa namna hii, yeye angekosa kazi. Mzee hakucheka. Alimwomba aongeze sauti mpaka mwisho.

Fundi akauliza kwa nini.

"Kuna neno nataka kumwambia mama," alisema mzee. "Lazima limwingie mara ya kwanza. Mara ya pili sitakuwa na nguvu."

Fundi aliviweka vifaa mezani. Aliinuka, akafunga mlango, na aliporudi hakukaa kwenye kiti chake. Alivuta kingine akaketi karibu na mzee.

"Baba, vifaa ni vizima. Masikio ndiyo yaliyozima. Ni mwaka wa pili sasa mama hasikii hata radi. Anakusoma midomo."

Mzee alivitazama vile vifaa mezani.

"Alinikataza nisikwambie," fundi aliendelea, sauti yake ikishuka. "Alisema kuna neno unamwambia kila jioni akiwa amevivua, naye anasubiri siku utakayomwambia akiwa amevivaa."