Mikasi Kumi na Moja

Ndani ya kopo la biskuti mlikuwa na mikasi kumi na moja. Yote midogo, yenye ncha butu, ya watoto.

"Shosho, hii yote ni ya nani?" Waceke alimuuliza bibi mwenye kopo.

"Ya zamani," alijibu Bi. Frieda. "Chukua moja. Kata karatasi. Pesi pesi."

Bi. Frieda alizaliwa Nakuru, kwa Wayahudi waliokuwa na duka la vitambaa, akaja Sydney akiwa msichana. Kiswahili alikuja nacho, ila ni kile cha wazungu wa enzi hizo, cha kuamuru watu tu: lete, weka, toa. Siku ya kwanza Waceke alicheka kukisikia. Kisha aliingia bafuni akalia, maana ilikuwa miezi mingapi sijui hajaongeleshwa Kiswahili uso kwa uso.

Ilikuwa Septemba ya mwaka wa pili wa Korona, na jiji limefungwa. Kila siku Waceke alitoka Minto, pembeni mwa jiji, kwa treni tupu, kibali cha kazi mfukoni, akaja kumwogesha huyu bibi wa miaka themanini na saba na kumpikia. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, ambako mwenye nyumba alimsemesha kupitia mlangoni. Mwanawe Gitonga alikuwa Kinangop, Kenya, kwa nyanya yake. Alimwacha ana mwaka na nusu. Sasa ana minne. Mipaka ilikuwa imefungwa, na angetoka asingeruhusiwa kurudi. Kwenye simu mtoto alisema, "Hi, auntie," akakimbilia kuku. Auntie! Neno hilo lilimkata maini.

Sikukuu ya Vibanda ilikuwa imekaribia. Waceke aliijua kwenye Biblia tu, na sasa alikuwa amekijenga kibanda chenyewe kwa mikono yake pale roshani: fito nne, shuka za ukuta, matawi ya mtende juu. Kwao angekiita cha kulindia mahindi.

"Kibanda hapana mapambo ya mtoto ni banda ya kuku," Bi. Frieda alisema. "Sasa mimi natoa wapi mtoto? Wewe iko na mtoto. Pigia yeye."

"Hataki simu, Shosho."

"Mimi najua. Jana nasikia wewe jikoni. Hapana sema salamu. Sema kazi. Yeye achague rangi, wewe gundisha."

Waceke alinung'unika moyoni. Kazi ya kuogesha haijatosha, sasa na ya kubandika makaratasi? Lakini alimhurumia. Bibi hana mtu wa kumjulia hali. Simu yake iliita mara moja tu kwa siku, saa tisa mchana, na hata hiyo hakuipokea. Aliilaza kifudifudi na kusema, "Watu ya kuuza."

Basi saa hiyohiyo ya tisa, Kinangop ikiwa saa mbili asubuhi, Waceke aliegemeza simu yake kwenye kopo la mikasi akapiga. Gitonga alichungulia mara moja, na binamu yake Bridget nyuma yake.

"Kuna kazi hapa na sijui rangi," Waceke alisema. "Nianze na gani?"

Mtoto alisogeza uso kwenye kioo. "Nyekundu."

Waceke akakata, akakunja, akagundisha pete ya kwanza.

"Sasa ya manjano. Si hiyo! Ya kifaranga!"

Siku ya kwanza alikaa dakika kumi. Siku ya tatu walimkuta anangoja, amefukuza kuku. Siku ya tano alimgombeza mama yake kwamba hajui kubandika, apake mate. Mnyororo wa karatasi ulitambaa kutoka mezani hadi chini ya kiti cha Bi. Frieda, naye alitazama dirishani, simu yake ikitetemeka chini ya mto.

"Huyo ni nani?" Bridget aliuliza siku moja.

"Ni mami," Gitonga alisema. "Ananifanyia kazi."

Waceke aliinama akatafuta gundi iliyokuwa mkononi mwake.

Siku ya mwisho mnyororo ulizunguka kibanda mara tatu. Gitonga aliamuru ncha yake ifungwe juu kabisa, akaona imefungwa, akaaga vizuri kama mkubwa. Sikukuu ingeingia jua likizama. Bi. Frieda alikuwa amesinzia kibandani, mdomo wazi, na Waceke alimtazama akaona uchungu. Sikukuu nzima, meza nzima, na mtu mmoja!

Simu ya bibi ikaanza kutetemeka mezani. Waceke aliinyakua kabla haijamwamsha, akatoka nayo ukumbini. Leo hawa wauzaji watamtambua.

"Hanunui kitu!" alisema kwa Kiingereza. "Mwacheni mama wa watu apumzike!"

Ikaja sauti ya msichana mdogo, na nyuma yake watoto wengine wakisukumana.

"Samahani. Wewe ni Waceke? Tunajua saa hii ni ya Gitonga, na kila jioni Nana hutukataza kupiga. Lakini sikukuu ikiingia haturuhusiwi kushika simu, na sisi wajukuu wote kumi na mmoja tunataka kuona kibanda. Kila mwaka tunakipamba sisi. Nana alisema mwaka huu si zamu yetu, tungoje kwanza Gitonga amzoee mama yake." Akashusha pumzi. "Ameshamzoea?"