Kibanio cha Sura ya Mwisho

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni, nje bado giza, rafiki wa mjukuu wangu, tunayemwita Kipepeo, alipobisha hodi. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kuoka mikate, hupita kumsomea mwenzake sura moja ya kitabu.

Hospitali walituambia tukae naye nyumbani. Hawakufafanua, nasi tulielewa.

Kitabu chenyewe ni cha pili kumsomea, cha malkia kijana aliyeondolewa kitini baada ya kutoa uchawi wake ili aokoe ufalme. Sura ambazo hazijasomwa Kipepeo huzibana kwa kibanio cha nywele, mtu asichungulie mbele. Ndiyo sheria yao tangu kitabu cha kwanza.

"Jana Bibi alinisomea tena sura yako," mjukuu alimwambia. "Kobe angemaliza kwanza."

"Kobe havai miwani," nikajitetea.

Kipepeo alicheka, akafungua kitabu. Mjukuu akamshika mkono.

"Leo toa kibanio. Soma mpaka mwisho."

Kipepeo alinitazama. Nikainamia vikombe.

Akakichomoa taratibu, akakibana kwenye nywele chache zilizobaki kichwani mwa mwenzake. "Basi vaa taji, mtukufu," akasema.

Akasoma. Kulikucha, saa ya kazi ikapita, wala hakuinua macho. Malkia alirudishiwa kiti chake cha enzi. Uchawi haukurudi.

"Kitamu," mjukuu alinong'ona, akikigusa kile kibanio. "Na kesho uje, Kipepeo. Tuanze tena ukurasa wa kwanza."